Nilisema Linachoka

27 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Goti la wifi limetulia? Mwambie apunguze kupanda zile ngazi zenu, vitu vyake vya kila siku avishushe chini. Huku tupo. Nasema "tupo" kwa mazoea tu, maana nyumba hii ni mimi na saa thelathini na moja za watu zinazosubiri kutengenezwa, kila moja inasema wakati wake. Mjomba ni mzima na sauti yake ni ileile: akishika simu, majirani wote wanapata habari za ukoo.

Usiushangae mwandiko. Naweka rula chini ya kila mstari, nikiitoa mstari unapanda mlima. Jicho langu la kulia lilikufa tarehe 6 mwezi huu. Najua unajua, kwa sababu Mjomba alikuambia na mtaa ukasikia. Umenipigia mara kumi na nne. Sikupokea, na sitapokea. Simu ina tabia ya kusahau, na wewe una tabia ya kuisaidia. Tuandikiane. Karatasi haibadilishi neno.

Naanza mwanzo, usije ukasema hukuelezwa.

Wiki ya kwanza ya Januari kichwa kilianza kunigonga kwenye panja la kulia. Si kile kichwa cha kuinamia kazi, hicho nakijua miaka arobaini na moja. Nikichana nywele, ngozi inauma kama imeungua. Mto nao ukawa adui, nikawa nalalia upande mmoja. Halafu taya. Nikitafuna mara ishirini hivi, taya linachoka. Nikipumzika dakika moja, linarudi. Nikianza tena, ishirini nyingine, linachoka. Nilihesabu, unanijua. Nikakaa kwenye basi saa tisa nzima nije kwako, maana nilijiambia: mwenye mdogo wake daktari wa meno ana haja gani ya kupanga foleni za watu?

Tarehe 19 Januari, saa nne asubuhi, nikiwa nimelazwa kwenye kiti chako kile, nilikuambia hivi: "Taya linachoka, haliumi." Ukasema, "Haya Dada, achama." Ukang'oa magego mawili ya chini, upande wa kulia.

Nilirudi na pamba mdomoni. Taya likaendelea kuchoka. Siku ya kumi na nane niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikafumba jicho la kushoto niangalie saa ya ukutani, kama nifanyavyo kila siku kulipima jicho la kazi. Ukuta haukuwepo. Hakukuwa na maumivu wala damu. Ni kama mtu alipita na kufunga dirisha wakati nimelala, akaondoka na dirisha lenyewe.

Hospitalini nilimkuta daktari wa macho, binti wa umri wa mwanao wa kwanza. Kabla hajagusa jicho aliniuliza: "Mama, ukitafuna, taya linauma au linachoka?" Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja. Akanigusa panja, mshipa umesimama mgumu kama waya. Akanieleza. Mishipa ya damu ya kichwani imevimba kuta zake kwa ndani, njia inaziba. Taya linachoka kwa sababu msuli wake haupati damu ya kutosha. Ngozi ya kichwa inauma kwa sababu hiyohiyo. Na ule mshipa mdogo unaolisha neva ya jicho ukiziba, jicho halingoji wala halirudi. Ni ugonjwa wa watu waliovuka hamsini. Mimi nina sitini na nane. Kuna kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe wa ndani, kinachotakiwa kisipite arobaini; changu kilikuwa mia moja na nne.

Hakusubiri majibu mengine. Aliniwekea dripu saa ileile, siku tatu mfululizo, akasema: "Mama, la kulia sikuahidi. Tunapigania la kushoto. Tukichelewa, nalo linamfuata mwenzake." Sasa nameza vidonge kumi na viwili kila asubuhi kwa mpigo.

Nataka kwako vitu viwili. Cha kwanza, uniandikie kwa mkono wako ulichokiona ulipoyatoa magego yangu. Cha pili, unirudishie magego yenyewe. Pole usiniandikie, pole ninazo kumi na nne kwenye simu.

Ni mimi dada yako.


15 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia nikiwa katikati ya purukushani, ndiyo maana nimekawia. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana, goti linaendelea vizuri, na ushauri wako wa ngazi ameupokea ingawa anasema wewe ndiye unayempa kisingizio cha kutopanda kabisa. Kijana wetu mkubwa amefaulu mitihani yake, anasema shangazi ndiye wa kwanza kuambiwa.

Dada, nimesikitika mno. Tangu Mjomba aliponipigia sina raha. Ila nakuomba usiuchoshe moyo kwa kutafuta nani na nani. Ugonjwa huu ni wa nadra. Hata mabingwa unawapita. Wewe ni mtu wa imani na wa kazi, utazoea. Kuna watu wanaendesha magari kwa jicho moja.

Kuhusu vidonge ninavyosikia unameza, nina wasiwasi kama ndugu na kama mtaalamu. Dawa hizo zinapandisha sukari, zinavimbisha uso, zinaondoa usingizi na kulegeza mifupa. Kumi na viwili ni vingi mno kwa mwili wako. Mimi ningekushauri ushuke taratibu mpaka vinne. Vijana wanaotoka vyuoni siku hizi wanapenda dozi kubwa kubwa.

Jengo jipya la kliniki linakaribia kwisha. Tunafungua rasmi tarehe 1 Agosti, wageni ni wengi, na jina langu limependekezwa kwenye uongozi wa chama chetu cha madaktari wa meno. Ukutani kwenye chumba cha kusubiri nimeacha nafasi ya ile saa uliyoniahidi tangu naanza chuo. Itanipa fahari watu wakiuliza nimeitoa wapi.

Kuhusu meno, Dada, yale ni mambo ya kawaida ya kazi. Umri ule magego huwa yamechoka. Mizizi yake ni mirefu kweli, kama ya marehemu mama, ndiyo maana yalisumbua kutoka. Yasikutie simanzi.

Nikipata nafasi nitakuja kukuona.

Mdogo wako.


22 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi. Mpongeze kijana, mwambie shangazi yake amefurahi na zawadi yake iko njiani, saa ya mkononi, niliitengeneza kabla jicho halijafa. Mvua imeanza. Mjomba amenunua mwavuli mkubwa kuliko sebule yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, jicho moja, kwa hiyo hesabu ni mara moja na nusu. Umeniambia habari za goti, mitihani, jengo, chama na watu wanaoendesha magari. Nilikuuliza umeona nini uliponing'oa magego. Hukujibu.

Acha nikuambie maana ya kuzoea. Jana nilimimina chai pembeni ya kikombe, sentimita tatu kutoka ukingoni, nimepima. Skrubu ya saa ya kike ina unene kama wa uzi. Zamani kibano changu kiliikamata mara moja. Sasa nakosa mara tisa katika kumi, kwa sababu jicho moja halijui kitu kiko mbali au karibu. Ile lenzi ninayoibana jichoni nikifanya kazi imeacha alama kuzunguka jicho la kulia, alama ya miaka arobaini na moja, na ndani ya alama hakuna mtu.

Niliinama juu ya saa za watu ili wewe uinuke. Sikusema hivi hata siku moja, na nisingesema. Umenilazimisha wewe.

Mjomba amekuja kusuluhisha. Ameniambia, "Mwanangu, usitake mambo ya jicho kwa jicho, jino kwa jino." Nikamjibu, "Mjomba, huyu amenichukulia vyote viwili, sasa hata sijui nianze kudai kipi." Alicheka mpaka kofia ikaanguka, halafu akaona mimi sicheki.

Nimeandika barua kwa baraza linalotoa leseni za madaktari. Kurasa mbili na nusu, tarehe zote, namba zote. Iko kwenye droo ya meza yangu, chini ya boksi la springi. Ukinipa jibu na magego yangu kabla ya mwisho wa Juni, inakaa. Usiponipa, inasafiri. Wageni wako wa Agosti watakuwa na cha kuzungumza wakila.

Dada yako.


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumai mvua hazijaharibu paa. Sisi wazima kiasi. Wifi yako amenuna siku ya nne kwa jambo ambalo nadhani unalijua, maana alikuwa karibu nilipofungua barua yako.

Sikutegemea kutishwa na mtu aliyenibeba mgongoni. Lakini kwa kuwa umetaka mambo ya maandishi, nami nimefungua faili. Kadi yako ninayo mbele yangu. Imeandikwa: "Mgonjwa analalamika maumivu ya taya upande wa kulia, akitafuna." Hiyo ndiyo kumbukumbu. Hakuna neno "linachoka" kwenye kadi. Mtu mwenye maumivu akitafuna, wa umri wako, daktari yeyote wa meno angeanza na magego. Hata baraza litasoma kadi, halitasoma ulivyokumbuka wewe.

Kuhusu kurudishiwa meno, haiwezekani. Taka zote za kliniki huchomwa siku ileile. Ni sheria. Yaliungua Januari.

Nakuomba Dada, turudi kuwa ndugu. Umekuwa kimya kuhusu afya yako. Vidonge unaendeleaje navyo? Ulipunguza?

Mdogo wako.


12 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Paa ni zima. Mwambie wifi asinune kwa ajili yangu, kununa kunakunja uso na mimi uso wangu tayari umevimba kwa niaba ya ukoo wote. Mashavu yamekuwa kama ya mtoto anayepuliza puto. Mteja mmoja wa zamani aliniuliza yule dada fundi yuko wapi.

Umeuliza kama nilipunguza. Sikukuandikia Aprili kwa sababu niliona haya, na haya yangu si desturi yako kuiona.

Nilipunguza.

Daktari wangu alikuwa ameshanishusha kutoka kumi na viwili hadi kumi. Ikaja barua yako. Usingizi sikuwa nao, sukari ilikuwa imepanda, na aliyesema "shuka mpaka vinne" alikuwa mtoto niliyemfundisha kusoma saa. Mdomo ulikuchukia, mkono ukakutii. Tarehe 28 Machi nikameza vinne. Tarehe 2 Aprili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nimekaa mezani na saa ya mteja imefunguliwa, kivuli kikashuka kwenye jicho la kushoto, kutoka juu kuja chini, kama shuka inayoanguka kwenye kamba. Sikuona saa, sikuona meza, sikuona mikono yangu. Niliisikia tu ile saa. Inapiga mara tano kwa sekunde, hiyo naijua. Nikahesabu mapigo elfu moja na mia nane. Dakika sita. Ndipo mwanga ukarudi kutoka chini.

Umewahi kuhesabu mpaka elfu moja na mia nane gizani, asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako unalisikia joto?

Nilifika hospitali nimeshikwa mkono na muuza magazeti. Yule binti aliponisikiliza aliuliza swali moja: "Nani alikuambia upunguze?" Nikasema, "Mimi mwenyewe." Ndiyo, nilikuficha. Usiulize kwa nini, hata mimi nimejiuliza. Dripu tena siku tatu, vidonge vikarudi kumi na viwili, na sasa niko kumi. Hesabu ya miaka miwili, ndio muda wa kumeza dawa hii, imeanza upya tangu tarehe 3 Aprili: siku mia saba na thelathini. Kipande cha mshipa walichokata kwenye panja majibu yametoka. Ni ugonjwa wenyewe, hakuna shaka.

Mara ya kwanza wewe ndiye hukunisikia mimi. Mara ya pili nilikusikia, na nusura nibaki kipofu. Kwa hiyo tuendelee na kazi.

Kadi. Kadi ni mkono wako. Nilisema "linachoka", ukaandika "maumivu". Sisi kweli ni watu wa kuona mshale kwenye kumi na kusema saa nne, tumezoea jicho lione hili na mdomo useme lile. Lakini kwenye saa sote tunajua tunafanya hivyo, hakuna anayekosa basi. Wewe uligeuza neno langu halafu ukaliamini lako.

Meno. Aprili umeandika yaliungua Januari. Machi uliandika, nakunukuu: "Mizizi yake ni mirefu kweli, kama ya marehemu mama." Ni mirefu. Hukusema ilikuwa. Meno yaliyoungua hayana mizizi, mdogo wangu. Mtu husema "ni" kwa kitu anachokitoa kwenye droo na kukiangalia. Umeyaweka. Nakujua tangu unaficha sahani uliyovunja: ulikuwa huwezi kuitupa, ulikuwa unaihamisha mahali.

Droo yako na yangu, tuone ipi itafunguka kwanza. Zimebaki siku arobaini na tisa.

Dada yako.


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Wifi yako ameisoma barua yako ya Mei kabla yangu. Alinikabidhi, akapanda ngazi zote kwa goti lake bovu ili asikae chumba kimoja na mimi.

Naandika kama ulivyotaka.

La kwanza lilitoka zima. Halikuwa na tundu, halikuwa na usaha, mzizi safi. Nesi wangu aliliona na akaniangalia. Ningeishia pale ningekuwa nimekosea jino moja. Nikasema kwa sauti, "Basi ni la nyuma yake," nikang'oa la pili. Sikuling'oa kwa sababu ya taya lako. Niling'oa nikitafuta kosa liwe mdomoni mwako, lisiwe mkononi mwangu. Nalo lilitoka zima.

"Linachoka" nililisikia. Nakumbuka hata ulivyolitamka. Kwenye kadi yangu kuna mahali pa kuandika maumivu, uvimbe na damu. Hakuna mahali pa kuchoka. Nikaandika penye nafasi.

Ya vidonge sikuwa na haki ya kuyasema. Niliogopa ukionekana mgonjwa sana itaonekana nilikosea sana. Sijalala vizuri tangu nisome ile elfu moja na mia nane.

Magego yamo kwenye chupa ndogo, ndani ya kifurushi hiki. Yalikuwa kwenye droo ya kushoto. Hata ungeniambia ni ya kushoto, nisingeshangaa.

Fanya utakavyo na barua yako.

Mdogo wako.


3 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwako, na wifi mwambie nimemheshimu kwa zile ngazi. Jua limerudi. Mjomba bado anatembea na mwavuli, anasema ameshauzoea.

Chupa imefika. Nimeyaangalia kwa lenzi, jicho la kushoto, ambalo linajifunza kazi mpya uzeeni. Mazuri. Meno ya mtu ambaye angetafuna miaka ishirini zaidi.

Pamoja na barua hii kuna boksi. Lifungue wewe mwenyewe.

Ni saa yako ya ukutani, ile niliyokuahidi. Nimeitengeneza siku kumi na tisa, kazi ambayo ningeifanya kwa nne. Mbao nimezipaka vanishi mara tatu. Angalia uso wake. Namba zipo kumi, maana mbili nimezitoa. Penye kumi nimeweka gego la mbele. Penye nne nimeweka la nyuma. Uliyang'oa saa nne asubuhi. Ukisoma kama mshale unavyoonyesha au ukisoma kama tunavyosema, utalikuta linakungoja. Nimeyafunga kwa waya wa shaba, hayatikisiki. Chini ya uso nimeandikisha kwa rangi nyeupe, herufi za kuonekana kutoka mlangoni: LINAUMA AU LINACHOKA?

Wageni wa tarehe 1 Agosti wataiona. Wataicheka kwanza, watadhani ni urembo wa kliniki ya meno. Halafu mmoja atauliza. Ukiulizwa, utajibu kweli, kwa ufupi au kwa urefu, hiari yako. Uwaambie ni ya nani, na mwenye meno hayo yuko wapi na anaona kwa macho mangapi.

Jambo la pili. Saa hizi hutiwa ufunguo mara moja kwa siku nane. Yako nimeikata springi. Inakwenda saa ishirini na sita, halafu inasimama. Kwa hiyo utatia ufunguo kila asubuhi, wewe, si nesi. Utapanda kwenye kiti, uso wako uwe sawa na magego, utazungusha mara kumi na nne. Mara kumi na nne, kama zile simu. Wakati huohuo mimi huku nitakuwa nameza vidonge vyangu. Sasa ni sita. Zimebaki siku mia sita thelathini na tisa. Vyangu vikiisha, nitakutumia springi nzima.

Barua ya baraza haijasafiri. Iko palepale chini ya boksi, na ukurasa wako wa Juni nimeuambatisha nyuma kwa pini. Siku saa itakaposhushwa, au utakapoweka ua mbele yake, itasafiri. Mjomba atakuwa anapita kwako bila taarifa. Macho yake mawili ni mazima, na sauti yake unaijua.

Ufunguo umo kwenye mfuko wa kitambaa. Ni mmoja tu. Usiupoteze.

Dada yako.


28 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Tunaendelea. Wifi yako ameanza kuzungumza nami, hasa kuniuliza kama nimetia ufunguo.

Saa iko ukutani. Siku ya ufunguzi nilijibu mara saba. Mara ya saba ilikuwa kwa mwenyekiti wa chama. Akanywa maji, akaondoka mapema. Jina langu limeondolewa kwenye mapendekezo ya uongozi. Sikuja kulalamika, nakuarifu.

Juzi nilichelewa, nikaikuta imesimama. Nikapanda kwenye kiti watu sita wakiniangalia. Bibi mmoja aliyekuja na shida ya taya akasoma maandishi kwa sauti, akasema, "Hee! Langu linachoka. Kumbe kuna kuchoka?" Nikashuka. Nikamuuliza kichwa, nikamuuliza kuchana nywele, nikamgusa panja. Sikumwambia aachame. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa macho, nikasimama mlangoni mpaka akaingia. Wamemwanzishia vidonge kabla ya majibu, kama wewe. Macho yake yote mawili anaona.

Dada, nauliza tu. Huyu bibi anahesabiwa? Hesabu yangu imepungua?

Mdogo wako.


10 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi na watoto. Mjomba amerudi kutoka kwako, amesema saa inakwenda na kwamba umekonda. Amelisema hilo barazani kwangu, kwa hiyo sasa ni habari ya mtaa.

Umeuliza hesabu. Haijapungua. Macho ya huyo bibi ni ya huyo bibi. Hakuyaleta kwako kunilipia mimi. Ulifanya kazi yako, siku moja, kama ilivyotakiwa ifanywe tarehe 19 Januari. Jicho langu la kulia nimelipima leo asubuhi, ukuta bado haupo.

Vidonge vyangu ni vinne sasa, hivyo vinne ulivyonitakia Machi. Nimefika kwa miguu ya daktari wa macho. Zimebaki siku mia tano na sabini. Na umesema ilisimama. Siku hiyo siihesabu, ongeza moja.

Huyo bibi ukimwona, mpe ujumbe wa mtu asiyemjua. Mwambie uso utavimba, usingizi utakimbia, na atachukia kila kidonge. Ila asipunguze hata kimoja mpaka daktari wake wa macho aseme, hata akishauriwa na mtoto aliyembeba mgongoni.

Tia ufunguo.

Dada yako.